Kiini Nilichokipasua Ukweni

Ndugu zangu, mkiniona nainamisha uso mbele ya sahani ya viazi vya kuchemsha, msidhani nimeshiba, ni aibu tu, tena aibu niliyoitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulitoka Makambako asubuhi, mimi na baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, tukaenda Njombe kumposa Neema, na wazazi wake ni watu wa Makete waliohamia mjini, Walutheri hasa, wa kusali hata kabla ya chai. Njia nzima baba mdogo ananionya, "Wewe leo ni bubu. Mdomo wako ni mimi." (Ndiyo desturi, muoaji anakaa akitazama vidole vyake.) Na mimi Neema nilikuwa nampenda kiasi kwamba ningekubali kuwa kiziwi pia.

Basi baba yake akauliza kijana anafanya kazi gani, baba mdogo akajibu, "Yuko maabara, chuo kikuu." Mama yake akafurahi huyo! "Bwana asifiwe! Mama yangu hatahangaika tena hadi hospitali ya Ikonda kupima damu." Ningenyamaza tu jamani, mshenga angeyamaliza. Lakini nikaona nisianze na wakwe kwa uongo, nikafungua mdomo.

"Samahani mama, mimi sipimi damu. Nachunguza viini."

"Viini vya mayai?"

"Vya atomu, mama."

Baba mdogo akanikanyaga mguu, lakini mtu akiulizwa habari za kazi anayoipenda hasikii maumivu, nikaendelea kueleza kwamba kiini cha kaboni ni kidogo mno, na chembe zake hazijachanganyika tu kama makande, wakati mwingine zinajikusanya vikundi vitatu, sasa sisi tunakipiga kwa chembe zenye kasi, kinapasuka, tunanasa vipande, na kwa jinsi vilivyoruka tunajua vilikuwa vimeshikamana vipi. Nikaona hawajaelewa (hapo ndipo shetani aliponishika mkono), nikachukua viazi vitatu vya kuchemsha tulivyoandaliwa na chai, nikavibananisha katikati ya meza, nikatafuta cha nne kidogo, nikakifyatua kwa kidole. Wapi! Neema akachungulia mlangoni akitikisa kichwa kuniomba niache, mimi nikaelewa anasema nguvu haitoshi.

Nikakirusha kwa mkono.

Kimoja kiliingia uvunguni mwa kabati, kimoja kikaangukia kitenge kipya cha mama, na cha tatu, ndugu zangu, kilitua ndani ya kikombe cha baba mkwe, chai ikamrukia shati jeupe mpaka kwenye ndevu. Baba mdogo akafumba macho. Mzee akajifuta taratibu, akauliza, "Haya, umejua vilikuwa vimeshikamana vipi?"

Nami, badala ya kuomba radhi, nikajibu ukweli, "Bado, baba. Huwa tunarudia mara nyingi."

Chakula cha mchana hatukukiona, tulisindikizwa mpaka getini.

Jioni Neema akanipigia simu, nusu analia, nusu anacheka. "Baba hajakataa. Anauliza tu, mtu anayepasua vitu ili ajue vimeshikamana vipi, atamfanyaje mwanangu?"

Mimi msomi wa viini nikamkimbilia baba mdogo, na iliniuma kweli. Leo baba mdogo amerudi Njombe peke yake kwenda kunijibia, mimi niko hapa Makambako nimeshika simu, na nimeapa kwamba wakinikubali, chochote kitakachoshikamana nyumbani kwangu nitakiacha kishikamane hivyo hivyo, hata nife bila kujua kwa nini.