Paka Aliyefuata Kikoi

Juzi, hapa kwangu mtaani Barani, nilimkuta paka wangu amelala juu ya leso niliyoivua asubuhi, akiikanda kwa nyayo huku amefumba macho. Nilitaka kumfukuza, mkono ukawa mzito. Nikamkumbuka Karani.

Karani alikuwa paka mwekundu wa babu, na jina hilo alilipata kwa kukagua kila kapu lililoingia nyumbani. Alikuwa na maringo, usiniulize! Nikimbeba huniparura, shangazi akimwita humpa mgongo. Lakini babu akirudi sokoni alasiri na vichwa vya samaki, Karani alijisugua miguuni mwake hadi mzee apepesuke, na asubuhi akamwekea mjusi kando ya viatu vyake vya makubazi. Nyanya alisema hiyo ndiyo salamu yake, tusimcheke. Kulala alilala juu ya kikoi cha babu, si penginepo.

Babu alipofariki, nyanya aliingia eda. Alikaa chumba cha ndani na nguo zake nyeupe, hatoki. Chakula alikigusa pale tu Karani alipompanda mapajani: paka humegewa tonge, na yeye akala moja. Sisi tulichungulia mlangoni tukimwomba Mungu paka asiinuke.

Kisha shangazi akafuata desturi. Alifua nguo za marehemu akazigawa sadaka, na kikoi kikaenda nazo. Kesho yake Karani hakuonekana.

Nyanya akakataa uji, akakataa hata kahawa. Shangazi alijaribu mzaha, eti paka akiondoka panya hutawala, hakuna aliyecheka. Nyanya hangeweza kutoka kumtafuta, basi akanitazama mimi. Nilikuwa mdogo, lakini niliogopa kikubwa: tulikuwa tumemzika mmoja, na nyanya naye alikuwa akituponyoka tunamwona. Nilizunguka vichochoro, nikainama chini ya meza za wauza samaki, nikaita hadi koo likakauka. Kila paka mwekundu alinipa moyo, nikimkaribia siye.

Nilimpata kwa jirani muuza maji. Jirani alikuwa ameketi kwenye mkokoteni wake, amejifunga kikoi cha babu, na Karani amejikunja mapajani akikoroma.

Tulirudi pamoja. Jirani akasimama nje ya dirisha la nyanya, pazia likiwatenga kwa ajili ya eda.

"Shikamoo, bibi. Nimekuletea paka, na kikoi nitakurejeshea. Naona havitengani."

"Marahaba, mwanangu. Paka nipe. Kikoi ni chako. Ukikirejesha utamnyima marehemu thawabu zake."

Karani akapitishwa dirishani. Akanusa nguo nyeupe za nyanya, akaruka nje, akarudi kwenye kikoi. Nilijua yamekwisha, nikaanza kulia.

"Basi, bibi," jirani akasema, akiketi barazani chini ya dirisha, "mimi nitapumzika hapa kidogo."

Tulisikia ule mkoromo ukipanda hadi ndani. Baada ya kitambo nyanya akaniambia, "Lete uji."

Jirani alikuja kila alasiri hadi eda ikaisha. Nilimpenda mtu yule, na sikumwambia.

Nyanya naye alipotutoka, nishakuwa mtu mzima, nguo zake tulizifunga mafurushi, gari likazibeba kwenda kugawiwa mbali. Sadaka ni sadaka, sikatai. Ila sijui nani anazivaa. Paka aliyemfuga baada ya Karani alitoka hadi barabarani, akanusa huku, akanusa kule, asipate cha kufuata, akarudi ndani.