Gari Mbele ya Nyumba ya Bi Ardis

Kwanza hili liwekwe wazi: Bi Ardis Haugen hakuwa na bwana. Waliosema kwamba udongo wa marehemu Mchungaji Haugen haujakauka na mjane wake keshapata mtu, waliliona gari tu. Kuuliza hawakuuliza.

Gari lilikuwepo. Kila Jumanne mchana pikapu yenye namba za jimbo la Dakota Kaskazini ilivuka daraja la mto wa mpakani na kuegeshwa mbele ya nyumba yake, mtaa wa kwanza upande wa jimbo la Minnesota. Dereva hakushuka. Aliongea na simu aliyoisimamisha kwenye usukani, mara akijifuta macho.

Bi Ardis alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na jambo asilolielewa humwasha kama upupu. Jumanne moja alimngoja amalize, akamgongea kioo, kikombe cha kahawa mkononi.

"Kijana, kwako umefukuzwa?"

Mtu yule akacheka kwa aibu. "Hapana, mama. Kwangu ni ng'ambo. Mshauri wangu wa mambo ya moyo na akili ana leseni ya Minnesota tu. Nilipohamia kule, akasema hawezi tena kunihudumia."

"Hata kwa simu? Si sauti ni ileile?"

"Sheria inaangalia mgonjwa amekaa wapi. Kila tukianza ananiuliza, 'Uko wapi sasa hivi?' Juzi foleni ilinikamata darajani, nikamwambia nakaribia. Akakata!"

"Na simu ikiwa huku, wewe kule?"

"Mama, utamponza mshauri wangu, anyang'anywe leseni!"

Bi Ardis akautazama mto. Mpaka ule aliwachorea watoto ubaoni miaka nenda rudi, asijue kwamba unakata hata mazungumzo.

"Usimwambie mtu, mama," akasema yule, amepoa. "Naendesha basi la shule. Wazazi wakisikia, wataniita kichaa."

Jumapili, kwenye kahawa baada ya ibada, jirani yake Ione Lindquist alimpakulia lefse, chapati laini za viazi, huku akitabasamu.

"Mama mchungaji, mgeni wako mbona hashuki? Umemnyima hata kahawa?"

"Kahawa amekunywa."

Vichwa vyote mezani vikamgeukia.

"Makubwa! Ni nani, basi? Anafuata nini?"

Neno moja tu lingelisafisha jina la Haugen, na lingemshusha mtu kwenye basi lake.

"Langu lisemeni mpendavyo," akajibu Bi Ardis, akikusanya vikombe. "Lake silisemi. Leo wala kesho."