Nyigu wa Mlango wa Mbele

Siku nisiyoisahau, mwanangu, ni ile niliyomtembelea mama yangu kule Lunyo baada ya kupotea miezi saba. Niliihesabu mara mbili njiani nikidhani itapungua, ikabaki saba. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami kijana wa soko la Busia, navusha vitunguu mpakani kwa baiskeli na kujiona mjanja.

Nilifika saa sita mchana. Juu ya mlango wa mbele, chini ya nyasi za paa, palining'inia kiota cha nyigu, upana wa sahani. Kwetu mlango wa mbele ni wa wageni; mwenye nyumba hupita wa nyuma, wa jikoni. Mama akatokea huko nyuma na ungo wake.

"Pita huku, Wandera. Mbele kuna wenyewe."

"Tangu lini?"

"Walianza kama kifungo cha shati. Nikasema, atakayekuja atawatoa."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Hawakusema ufa wenyewe ni nani.

"Ngoja jioni wapoe," mama akasema, "tuwafukize kwa moshi wa mavi ya ng'ombe. Ulale hapa leo."

Nikapatana naye kama mteja: nyigu sasa hivi, kulala safari ijayo. Hakubishana. Mtu asiyebishana bei, mwanangu, mwogope. Huyo ameshakata tamaa.

Nikafunga nyasi kavu kwenye ncha ya fimbo ndefu, nikawasha, nikainua. Nyigu hawana punguzo. Wa kwanza kwenye kope, wa pili shingoni, nikautupa mwenge, nao ukaangukia upenuni. Majirani walikuja na mitungi. Tuliokoa nusu ya paa, nusu kamili. Nililipima kwa hatua, mara mbili.

Mama alikaa juu ya kinu, akalitazama lile jivu.

"Hao nyigu," akasema taratibu, "angalau walikuwa wanalala hapa."

Nililala siku tisa, nikaezeka upya, nikajiona nimemaliza. Nikarudi sokoni. Mara iliyofuata nilipoupita mlango ule, ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya waombolezaji, nami nilikuwa mmoja wao.

Basi shika hili. Kiota king'oe kingali kidogo, jioni wakiwa wamepoa, kwa moshi, si kwa mwali. Lakini kabla hujatafuta moshi, jiulize ni nani hajaupita mlango huo. Nyigu hawajengi panapobishwa hodi kila siku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwana naye, akikawia, huwa mgeni.

Hapa nyumbani kwangu, kijijini Sikuda, nyigu wameanza, juu ya mlango wa mbele, kama kifungo. Nimewahesabu mara mbili: watano. Moshi ninao, mavi ya ng'ombe yamekauka vizuri. Nawaacha kwanza.

Mungu akupe miguu myepesi ya kurudi nyumbani, mwanangu, na mlango wako usipoe.