Mtoto Aliyekataa Sombe

Mtaani kwetu Ujiji hupiti penye sufuria ukaachwa hivi hivi. Utakaribishwa, na ukikataa umemtukana mwenye chakula na ukoo wake wote. Mtoto ndiyo kabisa, tonge linamfika mdomoni kabla hajasimama vizuri.

Binti yangu ana usonji. Alifika miaka saba hajatamka neno, na majirani walimpenda kwa namna hiyo hiyo ya kumjaza. Akitazama chungwa, kapewa. Akitazama dagaa walioanikwa, kachotewa. Asichokitaka alikisema kwa kujing'ata mkono na kupiga mayowe, nami nahangaika kubahatisha: ni jua? Ni kelele? Ni kiatu?

Mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, pale mjini Kigoma, alikubali kumpokea asubuhi tu, tena mimi nikiwa nimekaa humo humo darasani. "Kumwacha kutwa bado, Mama," aliniambia. "Akiumia au akichoka nitajuaje? Apate njia ya kuniambia hapana, hata moja, ndipo utaniachia." Basi biashara yangu ya samaki, migebuka wa ziwani, ikalala, nikawa mwanafunzi wa chekechea, na makalio yangu haya kwenye kiti cha watoto.

Kazi yenyewe niliiona ya kipuuzi. Mwalimu anampa kitu asichokipenda, anamsaidia kukisukuma kwa kiganja, anasema "sitaki," kisha anakiondoa palepale. Anarudia tena na tena. Nyumbani nifanye vivyo hivyo, na majirani wasimpe kitu mpaka aombe, iwe kwa mkono, kwa picha au kwa sauti yoyote. Nilizunguka mtaa mzima kuwaeleza. Wakaitikia vizuri sana, nikigeuka tu wanamlisha. Nilifoka mpaka nikaitwa mchoyo wa chakula cha watu.

Aliyekuwa sugu kuliko wote ni jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo, Kongo. Jumamosi moja alimwita binti yangu barazani na bakuli la sombe, kile kisamvu kilichokolea mawese. "Kula, mwanangu." Binti akageuza uso. Kijiko kikamfuata. Akageuka upande wa pili, kijiko nacho kikazunguka. Ndipo akaweka kiganja mbele ya bakuli.

"Sitaki."

Wazi kabisa, kila mtu barazani kasikia. Mtoto mwingine angekula kofi langu. Mimi nikapiga vigelegele. Jirani kaduwaa, kijiko mkononi, hajui anune au acheke.

"Kanitukana huyu," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Kakutukana, dada. Basi mwondolee bakuli."

Akaliondoa. Nililia kwa furaha pale pale, wala sioni aibu kusema.

Jumatatu mwalimu alimpa kikombe cha maziwa, akaambiwa lile lile neno. Akakiondoa haraka, akanigeukia. "Nenda kauze samaki, Mama. Uje umchukue saa tisa."

Ruhusa niliyoihangaikia muda wote huo ndiyo hiyo, lakini nilipofika mlangoni nikageuka nyuma. Darasa nililiona kubwa ghafla, na yeye mdogo mno. Nikarudi, nikainama, nikamnyooshea mkono.

"Au twende zetu nyumbani, mwanangu?"

Alikuwa anapanga vizibo vya soda sakafuni. Hata kichwa hakuinua.

"Sitaki," akasema.