Rupia Aliyoing'arisha Igoki

Igoki alizaliwa Githongo, kwenye boma la wakulima wa kahawa, akaolewa Embu na mwanamume aliyetengeneza saa. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na watu wa kwao walishangaa. Walitaka kujua mtu angelishaje familia kwa kukodolea macho vyuma vidogo kama mbegu za wimbi. Igoki aliwajibu kwamba mwanamume anayeweza kukaa na saa mbovu asubuhi nzima bila kutoa neno baya ataweza kukaa na yeye pia.

Mwanamume huyo aliitwa Mwaniki, mwana wa Ndambiri. Meza yake ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la nguo karibu na soko la Embu, na jicho lake la kulia lilizoea sana lenzi hata likawa na mkunjo wa kudumu. Hakuwa mwongeaji. Igoki ndiye aliyeongea, kwa Kimeru chake, naye akamjibu kwa Kiembu, na palipotokea neno ambalo kila mmoja alilisema kwa namna yake walicheka, wakahamia Kiswahili. Walipata binti mmoja, Wambeti, ambaye baadaye alikwenda kufundisha shule ya msingi huko Muthara.

Igoki alisuka vyondo, vikapu vya kubebea begani. Alinunua mkonge, akautia rangi mwenyewe kwa magome na majani yaliyochemshwa, na vyondo vyake vilijulikana sokoni. Pia alijulikana kwa usafi. Sufuria zake alizisugua kwa jivu mpaka jirani akaweza kujitazama ndani na kufunga kitambaa cha kichwa.

Katika nyumba hiyo safi kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mwaniki hakukiacha kiguswe na mtu. Ilikuwa rupia ya fedha.

Baba yake, Ndambiri, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya kwanza vya Wazungu. Alirudi akiwa mifupa mitupu, na mfukoni ana rupia kadhaa zenye kichwa cha mfalme Edwadi. Nyingine alizitumia. Moja aliitia kwenye kifuko cha ngozi, akakitundika jikoni juu ya mafiga, na hapo kilikaa miaka na miaka katika moshi. Mzee alipokaribia kufa alimwita Mwaniki akampa kifuko hicho. Mwaniki alipokifungua alikuta rupia imebadilika. Kandokando yake ilikuwa buluu iliyoiva, kisha ikaingia zambarau, kisha wekundu wa kahawa iliyoiva mtini, na katikati, kwenye shavu la mfalme, rangi ya asali. Ukiigeuza kidogo dirishani, rangi zilitembea kama zinavyotembea kwenye shingo ya njiwa.

Jumapili baada ya kanisa alikuwa akiitoa, anaishika kwa ukingo tu, anaitazama, kisha anairudisha. Igoki hakuona ajabu yake. Kwake ilikuwa fedha iliyoshika masizi.

Mtu aliyeona ajabu yake alikuwa Njura. Huyu alikuwa karani wa benki Nairobi, mzaliwa wa Runyenjes, na kila alipokuja nyumbani alipitia Embu kumwachia Mwaniki saa yake. Alikuwa akikusanya sarafu za zamani pamoja na wenzake kadhaa wa mjini. Siku Mwaniki alipomwonyesha ile rupia, Njura aliketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Fundi," alisema, "umewahi kuiosha hii?"

"Sijawahi."

"Usiioshe. Wenzangu wengine huko mjini hupenda fedha nyeupe, na siwalaumu. Lakini rangi kama hii, imekuja yenyewe, pole pole, na chini yake sarafu bado ina mng'ao wake wa kiwandani! Mimi sijaona nyingine." Alimweleza kuwa mwakani kungekuwa na maonyesho Nairobi, na wataalamu wa kupanga sarafu kwa daraja wangekuwepo. "Uilete. Nitasimama kando yako."

Mwaniki alimweleza Igoki jioni hiyo kwamba angeipeleka rupia Nairobi kuonyeshwa watu. Maelezo mengine hakuyatoa, maana hakuwa mtu wa maelezo. Igoki alimwona anavyotabasamu peke yake akila, akafurahi kwa ajili yake.

Miezi kabla ya maonyesho hayo, Mwaniki aliugua tumbo. Kilikuwa kidonda cha muda mrefu, na siku kilipopasuka alibebwa hospitali akiwa hajitambui. Alipasuliwa. Kwa siku kadhaa Igoki alilala kwenye benchi la nje, akiomba, akimbembeleza Mungu kwa maneno yote aliyoyajua katika lugha zote tatu. Daktari alipomwambia hatimaye kwamba mgonjwa ataishi, alirudi nyumbani na mwili wake ukakataa kutulia. Alifua mapazia. Alipaka kuta chokaa. Alitoa kila chombo kabatini akakisugua. Alitaka mumewe akute nyumba inayosema kwamba alikuwa anangojewa.

Ndipo akaikumbuka rupia. Maskini, aliwaza, anataka kuipeleka mbele ya watu wa Nairobi ikiwa na masizi ya jikoni kwa mama yake.

Aliisugua kwa jivu lililochekechwa na limau, kwa kidole gumba, akienda mduara, kwa upole, kama anavyomsafisha mtoto shingo. Buluu ilitoka kwanza, kisha zambarau. Jivu na limau vilimla ngozi ya kidole mpaka kikapasuka, naye akakifunga kitambaa akaendelea. Mwishowe mfalme alibaki mweupe kama jino.

Mwaniki aliporudi, amekonda, anatembea ameshika ukuta, Igoki alimketisha dirishani akampa uji. Kisha akaleta leso iliyokunjwa, akaiweka kwenye mapaja yake.

"Fungua, Baba Wambeti."

Alifungua. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ni wewe umefanya?"

"Ni mimi. Nilisema usiende nayo Nairobi ikiwa chafu. Umependa?"

Mwaniki aliinua macho, na kitu cha kwanza alichokutana nacho kilikuwa kidole gumba cha mkewe, kimevimba, kimefungwa kitambaa. Akaushika mkono ule akauweka kwenye shavu lake.

"Inang'aa," alisema. "Hakuna mtu amewahi kunifanyia kitu kama hiki."

Igoki alilia kwa furaha, na kwa uchovu wa hospitali. Maonyesho yalipofika Mwaniki alisema mwili bado haumruhusu safari. Igoki aliamini, kwa sababu kweli alikuwa dhaifu. Njura naye alihamishiwa Kisumu na benki yake, na kwa miaka mingi hakuonekana.

Rupia iliwekwa sebuleni, ndani ya bilauri, mahali pa kuonekana. Mgeni akija Igoki aliitoa. Alieleza habari za baba mkwe wake na vita, kisha akamaliza kwa kusema, "Ilikuwa nyeusi tititi, mimi ndiye niliing'arisha." Mwaniki alikuwa akisikiliza akiitikia kwa kichwa.

Njura aliporudi alikuwa amestaafu, nywele zimekuwa nyeupe. Alifika nyumbani mchana wa Jumamosi. Mwaniki alikuwa nyuma ya nyumba ananawa mikono, na mgeni hakuwa amemaliza hata kusalimu alipoulizia rupia. Igoki aliichukua kwenye bilauri akamkabidhi kwa mikono miwili.

Njura aliipeleka kwenye mwanga. Uso wake ulisawijika.

"Mama, nani ameisafisha hii?"

"Ni mimi," alisema Igoki, bado akitabasamu.

"Lo! Lo, mama." Aliongea kama mtu aliyefiwa, bila kujua anayeumizwa ni nani. "Ile haikuwa taka. Fedha ikikaa na hewa na moshi, salfa inaishika, inaota utando mwembamba sana, na utando ndio unatoa rangi. Ukiusugua unaondoka na ngozi ya sarafu yenyewe. Angalia mikwaruzo hii yote midogo. Mtaalamu akiiona hataipa daraja lolote, ataandika tu kwamba imesafishwa. Na hii ilikuwa…"

Mwaniki alisimama mlangoni, mikono ikidondoka maji. "Njura," alisema, "nyamaza."

Lakini yalikuwa yameshasemwa. Igoki aliweka chini birika alilokuwa ameshika, akaenda jikoni. Wale wanaume wawili walikunywa chai yao, na Njura akaaga mapema, akiomba radhi kila hatua mpaka kwenye lango.

Mwaniki alimkuta mkewe ameketi kwenye kigoda, mkonge mapajani, hasuki.

"Ulijua," alisema Igoki.

"Nilijua."

"Tangu siku ile ya kwanza?"

"Tangu siku ile."

"Ukaniacha nijisifu! Pasta amekuja, nimejisifu. Mama yangu amekuja kutoka Githongo, nimejisifu. Wewe umekaa hapo unatingisha kichwa kama jogoo. Ulikuwa unanicheka, Baba Wambeti?"

"Sijakucheka hata siku moja." Alichuchumaa mbele yake, polepole, kwa sababu mshono wa tumbo ulimvuta hata baada ya miaka ile yote. "Nilitoka hospitali nikijua nimekaribia kukuacha peke yako. Nikafungua ile leso, nikaumia, siwezi kudanganya. Kisha nikaona kidole chako. Mama Wambeti, ningesema nini? Baba alinipa rupia ikiwa na moshi wa jikoni kwake. Sasa ina mikwaruzo ya mkono wako. Mimi sikuona imeharibika."

Igoki alifuta macho kwa pindo la leso. "Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Sijakasirika sababu ya rupia. Nimekasirika sababu uliyabeba peke yako." Alisogeza mkonge kando. "Basi nifundishe. Nionyeshe hiyo rangi nzuri na hiyo mbaya, nisikuwe mjinga tena nyumbani kwangu."

Akamfundisha. Njura alipopata ujasiri wa kurudi, alileta sarafu zake kwenye bahasha ndogo, na watatu hao wakaketi mezani Jumamosi nzima. Mwanzoni Igoki alikosea sana. Alipenda shilingi moja iliyokuwa nyeusi sare, akidhani weusi ni umri, mpaka Njura alipomwonyesha kwa lenzi kwamba weusi huo umeanza kuila fedha na simba aliyechongwa amepoteza manyoya. Lakini macho yaliyozoea mkonge uliochemshwa hujifunza haraka. Alijua rangi iliyoingia ndani na rangi iliyolazwa juu. Siku mchuuzi mmoja alipowaletea nusu rupia yenye buluu kali na waridi, aliigeuza mara mbili akamwambia Mwaniki, "Hii imepikwa." Mwaniki aliivalia lenzi, akaona rangi imejaa hata ndani ya mikwaruzo, akacheka mpaka akashika tumbo. Mchuuzi naye akacheka, akakiri kwamba kaka yake huzifungia kwenye kopo na mayai ya kuchemsha, salfa yake izitie rangi upesi.

Ile rupia ya Ndambiri hawakuiuza. Ilitoka kwenye bilauri ikaingia bahasha ya karatasi, na baada ya miaka ilianza kushika rangi tena, mabaka ya kahawia upande mmoja. Njura alisema mtaalamu bado angeiona mikwaruzo chini yake. "Na aione," alisema Igoki.

Kisha macho ya Mwaniki yakaanza kufifia. Ilikuwa presha ya macho, iliyogunduliwa kwa kuchelewa. Kwanza aliacha saa za mkononi akabaki na za ukutani, halafu akaacha zote, akaiuza meza yake. Alikaa nyumbani akiwa ameelekeza uso dirishani, mtu aliyeishi kwa macho yake, na kwa majuma mengi hakutaka kuongea na yeyote.

Alasiri moja Igoki alivuta kiti karibu naye akamwekea sarafu kwenye kiganja.

"Shilingi," alisema Mwaniki baada ya kuipapasa. "Ya mfalme Joji."

"Eeh. Uliza rangi."

"Rangi gani?"

"Ukingoni ni kama ua la viazi."

"Viazi vyeupe au vyekundu?"

"Vyekundu. Halafu inashuka, inakuwa kama majani ya chai yakikauka. Simba amebaki na dhahabu kwa mgongo."

"Mgongo wote?"

"Mpaka mkiani."

"Igeuze kwa mwanga," alisema Mwaniki, akairudisha mikononi mwa mkewe. "Inatembea?"

"Inatembea."

Ikawa kazi yao ya kila alasiri. Siku nyingine walibishana, Mwaniki akisema hakuna buluu kama hiyo duniani, Igoki akisema njoo utazame basi, na wote wawili wakaangua kicheko. Njura alisema amewasikia wataalamu wengi wakieleza sarafu, lakini alipokuwa Embu alifumba macho yake mwenyewe ili amsikilize Igoki.

Mwaniki alifariki wakati wa mvua za vuli, nyumbani kwake, baada ya chakula cha mchana. Wambeti alimchukua mama yake akaishi naye Muthara, na sanduku la bahasha likaenda naye. Hata huko watu walipata habari. Siku moja mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua alimletea shilingi za marehemu babu yake, zenye rangi ya machweo juu na madoa ya kijani pembeni, akataka kujua kama ziko sawa.

Igoki alizibeba mpaka dirishani. Alizieleza kwa sauti, moja baada ya nyingine, ukingo kwanza kisha katikati, bila haraka, kama alasiri zile za Embu. Yule bwana alidhani anaambiwa yeye, akawa anaitikia. Wambeti, aliyekuwa akimimina chai, alimtupia jicho amwache mama aendelee.