Mluzi wa Kushuka

Kila jioni, wanawe wakiwa wameinamia ramani ya korongo watakaloteremka kwa miguu, mezani, na kugombania nani atalala kwenye hema gani, Baba Brynn huvaa begi la mgongoni lenye madumu mawili ya maji akaanza kushuka na kupanda ngazi za chumba cha chini. Mikono yake mipana hukaza kwanza kamba za mabegani, kisha hupapasa kifua kana kwamba anatafuta miwani. Akishuka hupiga mluzi, akipanda hunyamaza. Mkewe, Janeen, amezoea kukata vitunguu akiufuata mluzi huo.

"Baba Brynn, si tuishie juu tu, ukingoni?" alimwambia leo. "Tule, tupige picha, turudi zetu."

"Ukingo waachie watalii wa basi!" akacheka. "Mlima hukuchosha mapema, ukageuka. Korongo hukuacha ushuke kwanza. Unadhani haya mazoezi ni ya nini?"

Akashuka pekupeku na mluzi wake. Baadaye hatua nzito zikaanza kupanda, zikafika katikati, zikakoma. Janeen akasimamisha kisu.

"Baba Brynn? Vipi huko?"

Akausogelea mlango wa ngazi.

"Nafunga kamba za viatu tu!" Sauti ilitoka nyembamba, imekatika pumzi.

Mezani, binti yao Brynn aliacha kupaka nta ya viatu, akamtazama mama yake. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya buti la baba. La pili lilikuwa juu ya gazeti, likisubiri zamu yake.