Fundo la Sita

Nilipopofuka kwa presha ya macho, mimi dereva wa malori kutoka Kenya, nilikaa kitini hapa Nalufenya, ng'ambo ya mpaka, miaka miwili, nikimnunia kila aliyenisalimu. Aliyenitoa kwenye kiti hicho ni mwanamke asiyeona kama mimi. Alinipeleka kwenye mazoezi ya vipofu, kiwanjani, kila Jumamosi asubuhi. Tulikimbia tumeshika kamba moja yenye mafundo, kila mtu na fundo lake. Yeye la sita, mimi la saba, nyuma yake. Tukifika penye shimo aliivuta kamba mara mbili, nami nikisita, alinicheka kwa Kiswahili cha huku: "Dereva muzima naogopa shimo!"

Mwalimu wetu, afande mstaafu wa magereza, ndiye peke yake aliyekuwa na macho. Kabla ya kukimbia alituhesabisha kama wafungwa, kila mtu akitaja namba yake.

Yule mwanamke alifariki kwa malaria. Tulimzika kwao Mbale, nikaligusa jeneza kwa mikono yangu. Jumamosi iliyofuata, afande akaniambia nisogee kwenye fundo lake. Nikakataa. Kufa kufaana, lakini si mimi. Nikilishika fundo lile, atakuwa ameondoka kweli.

Tukahesabu. Nne. Tano.

"Sita," ikasema sauti yake.

Nikataja saba yangu, tukakimbia, na penye shimo kamba ikavutwa mara mbili. Hakuna aliyeuliza kitu. Ikawa hivyo Jumamosi tatu, nami, kwa aibu nasema, niliamka alfajiri nikiwa na furaha ya kwenda kumsikia.

Jumamosi ya nne afande alinivuta kando.

"Bwana, ni wewe nasema sita. Sauti ya yule mama natoka kwa mdomo yako."

"Na kamba?"

"Ni mikono yako navuta."

Nilimtukana. Kisha nikarudi mstarini, nikaziba mdomo kwa kiganja.

Nne. Tano. Halafu kimya. Niliuma meno mpaka taya zikauma.

"Sema, bwana," akaninong'oneza mwenye fundo la nane. "Sisi nangoja yeye."

Kumbe walijua wote. Nikaondoa kiganja, nikasogea hatua moja mbele, nikapapasa fundo lake, nikasema sita kwa sauti yangu nzito ya kiume.

Wa nane akaanza kulia.